Wimbo wa Bibi Yako Unataka Waitikiaji

Nyangeta mwanangu,

Umetoka hapa saa nane kwenda Kigera kumuaga mama yako mkubwa, hata nusu saa haijapita, nami tayari nakuandikia kana kwamba uko ng'ambo. Nicheke tu. Nimefunga mlango mmoja wa duka ili wateja wafikiri sipo, nimekaa nyuma ya cherehani, na karatasi hizi nimezichana kwenye daftari la vipimo. Ukikuta mahali pameandikwa kiuno thelathini na mbili, ujue si wewe, ni mwalimu mmoja wa Nyegina ambaye suruali yake bado sijaigusa.

Habari za kuchemsha maji, kufunga mlango kwa komeo na kutokula kwa watu usiowajua sitaziandika. Mama yako amekwisha kukuhubiria wiki nzima, na wewe ni muuguzi, utatufundisha sisi. Kesho alfajiri utapanda basi hapo stendi ya Bweri, utakatiza Butiama na Bunda, na safari itaendelea mpaka Songea ambako wamekupangia kazi. Mimi sijawahi kufika Songea. Sina la kukuelekeza huko. Ninachokijua ni wimbo mmoja, na jinsi nilivyoukosea, na hilo ndilo ninalotaka kukwambia kabla hujaondoka, maana mdomoni limenishinda.

Wimbo wenyewe unaujua. Lakini unaujua kutoka mwisho, kama mtu aliyeingia kanisani wakati wa sadaka. Acha nikuanzie mwanzo.

Bibi yako aliolewa kutoka Butiama akaletwa kwetu kijijini, kule mbele ya Nyegina, kwenye ncha ya nchi inayoingia ziwani. Kwao walikuwa watu wa ng'ombe na ulezi. Samaki walimwona kwa nadra, tena mkubwa, aliyekaushwa. Kwetu chakula ni ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa, na furu, yule samaki mdogo mwenye miiba mingi kuliko nyama, ambaye mtoto wa ziwani anamla huku anaongea na miiba inatoka yenyewe pembeni mwa mdomo. Bibi yako siku ya kwanza alimtafuna furu kama nyama ya mbuzi. Mwiba ukamkwama kooni mbele ya mama mkwe. Akapigwa mgongoni, akamezeshwa matonge ya ugali, akalia machozi, na kabla ya jua kuzama kijiji kizima kilikuwa na habari.

Wakati ule wanawake walikuwa wanalima kwa zamu, leo shamba langu, kesho lako, wanajipanga mstari mmoja na majembe yanapanda na kushuka kwa wimbo. Na ilikuwa desturi, mgeni akiingia kwenye mstari kwa mara ya kwanza, lazima aimbiwe. Mwanzilishi anatunga ubeti wa kumtania, anataja alikotoka na kioja chake, na wengine wote wanaitikia. Hujaimbiwa, wewe bado ni mgeni, hata ukiwa na watoto sita. Basi bibi yako alipofika shambani na jembe lake jipya, mwanzilishi akainua sauti. Naandika kwa Kiswahili, maana kilugha chetu nikikiandika najikwaa:

Wa Butiama, tafuna polepole, furu ana miiba.

Na mstari mzima ukaitikia: Atazoea!

Wengine wangenuna. Wako walionuna, waliokwenda kushitaki kwa waume zao. Bibi yako alilima mpaka mwisho wa mstari bila kuinua kichwa, na jioni ile, aliniambia mwenyewe, alikaa jikoni akaomba furu watano na akawala wote polepole, mmoja baada ya mwingine, mpaka akajua. Msimu uliofuata akaomba kuanzisha. Akauchukua ule ubeti wa kumcheka, akaufanya wake, akaongeza wa pili.

Hivyo ndivyo wimbo ule ulivyokua, Nyangeta. Kila jambo kubwa lilipompata, aliliwekea ubeti. Watu walipohamishwa kutoka kwenye maboma yao ya zamani kwenda kijiji kipya, akaimba: wa Butiama amebeba mlango kichwani, nyumba ameiacha. Atazoea. Nilipozaliwa mimi, baada ya wawili waliokufa, akaimba kwamba wa Butiama amepata mlinzi wa jembe, anamnyonya hata shambani. Atazoea. Sangara, wale samaki wakubwa walao wadogo, walipojaa ziwani, na furu wakapotea kabisa, akaimba ubeti ambao mpaka leo nikiukumbuka nacheka peke yangu: wa Butiama amejifunza kumla furu, na furu mwenyewe ameondoka. Atazoea!

Na babu yako alipokwenda kutega nyavu akarudishwa na wenzake amefunikwa tanga, bibi yako alikaa matanga, akamaliza, akarudi kwenye mstari. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nilikuwepo pale nimebeba maji ya kunywa. Hakuna mwenzake aliyethubutu kuanzisha. Akaanzisha yeye. Akasema mwenye nyumba amelala, kiti chake kipo. Wale wanawake waliitikia polepole sana, kila mmoja akiangalia udongo wake: Atazoea. Nilimwangalia mama yangu nikidhani atakasirika, maana mimi nilikasirika. Nilisikia kama wanamwambia asahau. Yeye alivuta pumzi kubwa, jembe likapanda.

Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba neno lile, likisemwa na mtu anayelima pembeni yako kwenye mstari mmoja, jasho moja, si sawa na likisemwa na mpita njia. Wale walikuwa wanamwambia kwamba watakuwepo mpaka azoee.

Sasa nije kwangu, na hapa usicheke sana.

Nilipomaliza shule nilijifunza ushonaji mjini Musoma, na jioni nikajifunza muziki wa kanisa. Nilipoweza kusoma noti, mwanangu, nilikuwa mtu wa hatari. Nilijua soprano, alto, tenor na besi, nilijua nani ameingia mapema na nani amechelewa. Nikapewa kwaya nikiwa na miaka ishirini na minne. Kuanzia hapo kila nilipomsikia mama akiimba nilikuwa nasikia makosa tu. Sauti yake ina mikwaruzo. Hakuna aliye kwenye ufunguo. Wanaingia wanapotaka. Nilimwambia hivyo, uso kwa uso. Akanijibu, "Siye tulikuwaga tunaingia pale mwenzetu amechoka. Nyie mnaingia kwa kuhesabu."

Nilimwona hajasoma.

Nikamwoa mama yako kutoka Bunda. Tulimtoa kwao kwa furaha, tukaja na magari mawili ya kukodi mpaka kijijini kwa bibi yako. Wanawake wa kijiji, wale wale wa mstari, sasa wana mvi, walikuwa wamejipanga kuanzia kwenye ua wa mkonge mpaka mlangoni. Bibi yako yuko mbele na jembe kuukuu lisilo na mpini, analigonga kwa kipande cha chuma, ngo, ngo, ngo. Walikuwa wamemtungia bibi harusi ubeti wake. Walikuwa wamejiandaa siku tatu. Ubeti wenyewe sikuusikia, kwa sababu mwanzilishi alipofungua mdomo tu mimi niliwageukia wanakwaya wangu, wamevaa sare niliyoishona kwa mikono yangu, nikanyosha kidole. Anzeni! Kinanda kikalia, spika mbili zikafunguliwa mpaka mwisho, sauti nne zikamiminika, safi kabisa.

Bibi yako aliteremsha jembe. Hakununa. Akatabasamu, akaliweka chini, akatupigia makofi pamoja na wenzake, na wageni wote wakasema kweli mimi Manyama nina kwaya.

Baadaye mama yako aliniuliza, "Wale kina mama walikuwa wanataka kuimba nini?"

"Mambo ya shamba tu," nikamwambia.

Hilo ni kosa la kwanza. Nimeishi nalo vizuri tu kwa miaka ishirini na zaidi, sitakudanganya kwamba lilininyima usingizi. Nilikuwa mtu mwenye furaha, na mjinga.

Kosa la pili ndilo linaloniuma. Mwaka ule kifua cha bibi yako kilipoanza kumsumbua, nilipata fikra kwamba nyimbo zake zirekodiwe. Nilijiona nimefanya jambo kubwa. Nikanunua simu nzuri, nikapanda bodaboda mpaka kijijini, nikamkuta na wenzake wanne wamekaa uani wanapukuchua mahindi. Walikuwa wamebaki wanne, kutoka kwenye mstari mzima. Nikawaeleza. Wakafurahi, wakajifuta mikono kwenye khanga, wakajiweka sawa, mmoja akaenda kutafuta lile jembe.

Nikawaambia wale wanne watoke.

Ndiyo, Nyangeta. Niliwaambia kwa heshima zote, shikamoo nyingi na chupa za soda, lakini niliwatoa mpaka nyuma ya nyumba na kuwaomba wasitoe hata kikohozi. Nilitaka sauti ya mama peke yake, isiyochafuliwa. Mwalimu wa kwaya nilikuwa kazini. Kuna kijana mjini aliniambia sauti zikirekodiwa moja moja zinaunganishwa baadaye kwa kompyuta, nami nikapanga hao wengine nitawaleta siku nyingine, mmoja mmoja, kwa mpangilio.

Bibi yako akaangalia ua mtupu. "Sasa nimwimbie nani?"

"Imbia simu, mama."

"Simu inaitikiaga?"

Nikacheka, nikamwambia aimbe tu. Akaimba. Rekodi hiyo unaijua kuliko mimi, umeisikiliza mara mia. Anaimba ubeti, kisha kimya. Anaimba mwingine, kisha kimya. Na kile kimya chake hakina papara. Anasubiri urefu ule ule kila mara, kama vile wako pale. Kuku mmoja anapita. Ubeti wa tatu, kimya. Wa nne, kimya, na mwanzoni mwa wa tano sauti inayumba kidogo. Halafu unafika ule wa babu yako, mwenye nyumba amelala, kiti chake kipo. Anasubiri. Anasubiri. Na mama yangu, kwa sauti ndogo ya mtu anayejifunika mwenyewe shuka, anajiitikia: Atazoea.

Hapo ndipo inasikika sauti ya mwanamume mwenye haraka zake: "Mama, usijijibu, utaharibu."

Alifariki kabla ya mvua za vuli. Wale wanne sikuwahi kuwaleta, siku zikapita kama zinavyopita, na wawili kati yao wakamfuata. Mimi nikabaki na wimbo nusu kwenye simu, na sauti yangu ikiwa ndani yake. Mwaka mzima sikuifungua. Watu walikuwa wananiambia, una bahati Manyama, una sauti ya mama yako, nami naitikia ndiyo, nashukuru. Moyoni nilijua nimehifadhi nini. Nimehifadhi kumkatiza.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Nilikuwa nauchukia usemi huo, kwa sababu unasemwa na watu waliokwisha kukuona umeanguka. Lakini nyumbani kwetu mjukuu kweli alikuja.

Ilikuwa Jumamosi, uko likizo kutoka chuoni, umesimama hapo kwenye meza ya pasi unanyosha sare za shule, na vitu vya simu yangu ya zamani unanihamishia kwenye simu mpya. Mimi nakata kitambaa. Mara nikasikia ngo, ngo, na sauti ya mama yangu ikajaa dukani. Nikaacha kukata. Nilikuwa nataka kukwambia zima, zima hiyo, lakini ubeti wa kwanza ulikuwa umekwisha na kimya kikaingia, na wewe, bila kuinua macho kutoka kwenye pasi, ukasema: Atazoea.

Hukufikiri. Ulikuwa umelala likizo zako zote kwenye mkeka wake, ulikuwa umelelewa ndani ya ule wimbo, ukajaza pale panapotakiwa kujazwa. Ubeti wa pili, ukaitikia tena. Na nikasikia kitu ambacho noti zote za dunia hazikunifundisha. Vile vimya vya mama vilikuwa na ukubwa sawasawa wa sauti yako. Havikuwa vitupu. Alikuwa amevikata kwa kipimo, kama ninavyokata mimi nafasi ya mshono, akijua kitambaa kingine kitakuja.

Halafu Mama Masatu, yule anayeuza dagaa ng'ambo ya barabara, akavuka na beseni lake kichwani bila kuangalia pikipiki. Kumbe ni mzaliwa wa kule kule kwetu, mwanawe ndiye aliyemleta Bweri. Miaka mitatu nimenunua dagaa kwake na sikuwahi kumuuliza kwao. Akasimama mlangoni, akaitikia pamoja nawe, yeye kwa chini, wewe kwa juu. Ulipofika ubeti wa babu, bibi akajiitikia, na sauti yangu ikatoka kwenye simu na ukali wake wote.

"Huyu anayemkataza ni nani?" Mama Masatu akauliza.

Ulinitazama. Ungeweza kunificha. Ukaacha nijibu mwenyewe.

"Ni mimi," nikasema.

Akanipima kutoka kichwani hadi kwenye kandambili. "We Manyama! Haya, na wewe itikia basi. Unangojaga nini?"

Ukarudisha nyuma, tukaanza upya watatu. Na mwalimu wa kwaya wa miaka mingi, mbele ya binti yake na muuza dagaa, akachelewa kuingia. Ulicheka mpaka ukaunguza kola ya sare. Ile kola ilibidi niishone upya na sikuilalamikia, sivyo? Nilikuwa nalia na kucheka, na ninyi mkajifanya hamuoni.

Jumapili yake Mama Masatu akaja na mwenzake. Wewe ukatoa mkeka, ukasogeza mabenchi barazani. Sasa ni kila Jumapili saa kumi, na mtaa mzima wa Bweri unajua. Nimepigisha kwaya kwenye mashindano, nimesimama mbele ya maaskofu, na sijawahi kuona watu wanafurahi namna ile. Hakuna anayemwangalia mwenzake kama amekosea. Chacha wa bodaboda alikuja kuleta abiria, akazima pikipiki kusikiliza, akasema na kwao wana wimbo wa kurudisha ng'ombe jioni ila anakumbuka mwanzo tu. Ulimwambiaje? "Mpigie mama." Akampigia pale pale, akaweka simu juu ya benchi kwa sauti kubwa, na mama yule wa Kikurya, sijui yuko jikoni au shambani, akauimba wote hadi mwisho, na sisi tusiojua hata neno moja tukaitikia kwa kufuata midomo ya mwanawe. Ulipokwisha, mama akauliza, "Hao ni akina nani hapo?" Chacha akajibu, "Ni majirani tu," lakini alivyolitamka utadhani anataja ukoo wake.

Nimewatazama Jumapili hizo zote. Nimeona mtu anakuja na uso wa shida zake, anakaa, anaitikia mara tatu, mabega yanashuka. Na nimegundua kwamba anayependwa pale si mwenye sauti nzuri. Anayependwa ni yule anayeitikia vizuri, anayekusubiri umalize na hakuachi umening'inia. Mama yangu alilijua hilo na jembe mkononi. Mimi nimelijua na mvi.

Mtu mmoja tu alikuwa haimbi, nawe ulimwona kabla yangu. Mama yako alikuwa anagawa chai. Anajaza vikombe, anapitisha mihogo, anasimama mlangoni anasikiliza. Nilidhani hapendi. Nilipomuuliza akanijibu kwa upole tu, kama anayetaja hali ya hewa, "Mimi sikuimbiwa, baba Nyangeta. Nitaingiaje kwenye mstari?"

Miaka ishirini na saba alikuwa amelibeba, na mimi ndiye niliyemtwika. Nikaenda kufunga duka ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Jumapili iliyopita tulikusanyika kukuaga wewe. Mama Masatu alikuwa na ubeti wako tayari, nilimsikia anaujaribu tangu Alhamisi. Ukasimama, tukadhani utashukuru. Ukachukua jembe la bibi yako, ukaligonga, ukamgeukia mama yako aliyekuwa na chupa ya chai mkononi, ukaanzisha:

Wa Bunda alikuja na magari mawili, akapokelewa na spika.

Baraza zima, hata Chacha, hata watoto waliokuwa wanacheza barabarani: Atazoea!

Mama yako akaweka chupa chini. Akajifunika uso kwa upande wa khanga, nikaogopa. Kumbe anacheka. Akasema, "Mimi nilishazoeaga zamani, lakini nimefurahi," kisha akaketi kwenye mkeka, katikati ya Mama Masatu na mwenzake, na mlipoendelea na ubeti mwingine akaitikia kwa sauti ambayo mimi, mume wake, mwalimu wa kwaya, nilikuwa sijawahi kuisikia. Ana sauti ya pili nzuri sana, mama yako! Nimelala nayo nyumba moja miaka yote hii.

Ulipofanya lile jambo nilikuona na jembe mkononi, na nilimwona bibi yako kabisa. Sikuona sura yake. Niliona ile tabia yake ya kujua ni nani kwenye mstari ambaye hajapokelewa. Hilo hukufundishwa chuoni na hakika hukufundishwa nami. Najivunia wewe, Nyangeta. Nalisema hapa kwa sababu kesho stendi nitakuwa nakukaripia kuhusu begi.

Huko Songea watakucheka. Lafudhi yetu ya ziwani watu huiga, na kuna kitu utakitafuna vibaya, sijui kitakuwa nini. Nakuomba tu usinune siku ya kwanza. Bibi yako angekwambia utafute furu watano. Na wodini utakutana na watu wanaoongea peke yao, wagonjwa wanaosema jambo halafu wanakaa kimya kidogo kabla ya kugeukia ukuta. Wewe unakijua kile kimya ni cha nini. Mimi sikukijua.

Sasa jambo la rekodi. Iko kwenye simu yako, nimehakikisha. Kijana wa simu pale sokoni aliniambia anaweza kuikata ile sauti yangu, "Mama, usijijibu," isisikike tena kamwe. Nilikaa kwenye benchi lake nimeshika simu mkononi, nikakataa. Iache. Wajukuu zangu wakiuliza huyo ni nani, waambie ni babu yenu, alichelewa kuingia.

Ila nimeongeza kitu mwishoni, utakikuta. Jana, ulipokwenda kusuka nywele, nilichukua jembe nikarekodi ubeti mmoja wangu mwenyewe, wa kwanza kuutunga maishani. Sauti yangu ina mikwaruzo, iliisha lini ile nzuri sijui. Hakuna kinanda. Nikapima kimya cha bibi yako kwa saa ya mkononi, nikaacha kimya cha urefu ule ule, na nilipomaliza kuimba nikangoja mpaka mwisho wake. Sikujijibu. Nilitamani sana, lakini sikujijibu.

Kila Jumapili saa kumi tutaimba barazani, na tukifika kwenye ubeti huo mimi nitaanzisha na wenzangu wataitikia, na kati ya sauti zao nitakuwa nasikiliza kama iko iliyotoka mbali. Ukiwa zamu, itikia kimoyomoyo. Sauti ikikuponyoka na mgonjwa akakusikia, mwambie ni mambo ya shamba tu.

Nakusikia langoni unaongea na Mama Masatu, nakunja karatasi haraka. Mimi baba yako, Manyama, mshonaji. Haya, mwanangu, nakuanzishia:

Baba wa Nyangeta amebaki na cherehani, pasi anapiga mwenyewe.